Kengele ya Getini

Mwalimu mkuu mstaafu aliendesha baiskeli polepole kando ya mto, kifua mbele. Baiskeli ilikuwa zawadi ya mkewe na watoto siku alipostaafu.

"Kila jioni uwe unaenda kupunga upepo, baba watoto," mkewe alimwambia. "Ukirudi, piga kengele getini tukufungulie."

Kichwa kikamvimba. Wangapi wanapendwa hivyo uzeeni?

Kwa kawaida alifika mpaka darajani, akiwakodolea macho vijana waliotupa maganda ya karanga ukingoni. Leo upepo ulimshinda nguvu, akageuza njiani na kurudi nyumbani mapema.

Nje ya geti alisikia kicheko. Binti yake alikuwa anaigiza sauti nzito, "Nani huyo anatafuna kwa kelele?" na mkewe anacheka mpaka anapaliwa. Sauti ile ilikuwa ya mwalimu mwenyewe, haikupungua kitu. Kicheko kile cha mkewe hakuwahi kukisikia tangu amuoe.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kengele. Shuleni alizoea kujisifu kwamba akikohoa tu, darasa zima linanyamaza.

Akakiondoa kidole taratibu, akageuza baiskeli, akarudi mtoni kupunga upepo, kama alivyoambiwa.