Tembo Shambani kwa Limi

Limi alikuwa akipalilia mahindi pembeni mwa hifadhi ya msitu, huko Geita, alipomwona tembo amesimama karibu kabisa. Zamani msitu mnene ulitenganisha shamba lake na njia ya tembo. Wachoma mkaa waliumaliza, na mumewe, Maduhu, naye alikata miti akawauzia wachimba dhahabu.

“Usikimbie,” Maduhu alinong'ona nyuma yake. “Lala chini.”

“Mahindi yenyewe yananifika magotini. Atatuona.”

Walilala kifudifudi. Tembo alikula, akakanyaga matuta karibu na miguu yao, kisha akaondoka taratibu.

Siku hiyohiyo Limi alihamia kwa mama yake, mjini Kagongwa, na mpaka leo amekataa kurudi.