Bega Kwenye Shina

Baba alikuwa mchora mabango, na mimi nimerithi brashi zake pamoja na mdomo wa mama. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha barabarani, pembeni mwa kinyozi, na nyuma ya mlango alisimamisha ubao mrefu wa kufutia brashi. Kila jioni rangi iliyobaki aliimalizia pale: nyekundu ya buchani, buluu ya zahanati, njano ya shule ya udereva. Mafundi wengine hufutia tambara. Yeye alifutia mti.

Mti ule haukuota popote duniani. Mwaka tuliogombana naye nikahama nyumbani, matawi ya kulia yalipinda hadi chini. Mwaka alioanza kukohoa, majani yakaingia majivu. Wateja waliuliza, "Fundi, mti gani huu?" Akajibu, "Wa humu," akijigonga kifua, kisha akaendelea na herufi zao. Hakuwa msemaji. Ukitaka kujua ameamkaje, uliutazama ubao.

Alipofariki, mama alikaa peke yake miaka miwili ndipo akakubali kuhamia kwangu. Nikamwambia achague vya kuja navyo: kabati, kitanda, cherehani.

"Nataka mti tu," akasema.

Nikaona nimfurahishe. Ubao ulikuwa na kasoro iliyonikera tangu utotoni: katikati ya shina palikuwa na baka pana la wekundu uliofifia, limekwaruzika. Baba alilizunguka miaka thelathini kama anayekwepa shimo la barabarani. Nikajiambia alikosa muda, na mimi ninao. Jumamosi asubuhi nikafungua karakana, nikachanganya kahawia, nikalipaka baka kwa unene, nikalichora magamba, kisha nikajisifu, maana hakukuwa na mwingine wa kunisifu.

Mama alifika saa nne na blauzi yake nyeupe ya kutokea. Akausogelea ubao, mkono ukaenda moja kwa moja katikati, ukasimama hewani.

"Umeniziba," akasema.

"Nimeziba nini, mama?"

"Hilo lilikuwa bega langu."

Akaketi juu ya kopo la rangi, akanieleza ambayo hakuwahi kunieleza. Siku ya kwanza alikuja kuagiza kibao cha duka la shangazi yake. Akachoka kusubiri, akaegemea ubao uliokuwa umetoka kufutiwa brashi nyekundu. Gauni lenyewe la kuazima. Alimsema baba mpaka kinyozi akazima redio asikie vizuri. Baba akaendelea na herufi zake. Kesho yake akaanza kupaka shina kuizunguka alama ile, na hakuigusa tena hadi anakufa.

Kumbe mti wote uliota hapo, na mimi nimepaziba kwa asubuhi moja. Nilitamani ardhi inimeze. Nikachukua tambara na petroli.

"Acha," mama akanishika mkono. "Utafuta na la zamani."

Ni kweli, petroli haichagui. Yaliyomwagika hayazoleki, nikawaza, na machozi yakanitoka mbele ya brashi zote za baba.

Mama akanitazama, akautazama ubao. "Imekauka?"

"Bado. Mpaka jioni."

Akainuka, akaugeuzia ubao mgongo, akaegemea shina bichi na blauzi yake nyeupe. Akafumba macho. Nikamsikia akimsema baba kwa sauti ya chini, nadhani maneno yaleyale. Nilimwacha mpaka akamaliza.

Alipojibandua, bega lilikuwa limetokeza vizuri. Lakini lile la zamani, lililojulikana bado kwa kahawia mbichi niliyolipaka, lilianzia usawa wa kidevu changu, na hili lilianzia karibu na kwapa. Shibiri nzima. Sijui miaka hiyo yote nilikuwa naangalia wapi, mama anafupika mbele ya macho yangu.

Naye aliiona tofauti. Akaipima kwa kiganja, taratibu, halafu akafuta mkono kwenye blauzi ambayo haikuwa na cha kuokoa tena.

"Mti umerefuka," akasema.

Na mimi, ambaye sijawahi kukosa la kujibu, nikamwambia ndiyo, umerefuka.