Bunduki Iliyokosa Palepale

Kazi ya Kerubo ilikuwa kufuata karatasi. Wapigaji wakimaliza, makomeo ya bunduki zote yakishavutwa nyuma na taa ya kijani kuwaka, alitembea mpaka mwisho wa ukumbi, akabandua karatasi za shabaha na kubandika mpya. Kisha alifagia maganda ya risasi. Miaka miwili alifanya hivyo katika klabu ile ya kulenga shabaha nje kidogo ya Muaither, nchini Qatar, na katika miaka hiyo miwili hakuna aliyemuuliza anaona nini.

Naye aliona mengi. Kilichomshangaza tangu siku ya kwanza ni udogo wa kitundu. Risasi ile nyembamba, ya namba ishirini na mbili, si kubwa kuliko punje ya hindi, ililia kama ubao unaopasuka, ikamaliza ukumbi kabla mtu hajapepesa jicho, na kwenye karatasi ikaacha duara safi. Tena walikuwapo watu waliopiga mara tano na karatasi ikaonyesha tundu moja tu, kingo zake zimechanika kidogo kama petali. Mbele ya tundu kama hilo Kerubo alisahau hata ufagio. Kwao Nyamira aliishia darasa la nane. Hakujua jina la jambo alilokuwa akilitazama. Alijua tu kwamba kitu kilikuwa kimetumwa mara tano mahali pamoja, na mara zote tano kikafika.

Mwanzoni mwa mwaka 2013 ikatangazwa siku ya wanawake ya kila wiki. Madam Noora, mama wa Kikatari aliyesimamia klabu, alitaka bunduki kumi ndogo za bei nafuu, za watu wa kujifurahisha, si za mashindano. Na kwa kuwa siku hiyo mwanamume hangeingia ukumbini, alihitaji mwanamke wa kusimama na wageni kwenye mstari, awaonyeshe namna ya kushika na kulenga. Kerubo aliitamani nafasi hiyo mpaka usingizi ukawa mwepesi. Alimwambia Roselyne peke yake, waliyelala naye chumba kimoja kule mtaa wa Najma.

"Wewe?" Roselyne akacheka. "Labda kama watakuwa wanalenga kwa ufagio."

Lakini kwanza siku yenyewe ilipaswa kufaulu, na Madam Noora alilisema hilo bila kuficha. "Wengi wao hawajawahi kushika bunduki," alisema. "Wakipiga ovyo na wasijue kwa nini, hawarudi. Wasiporudi, mwisho wa mwezi naifuta siku hii."

Asubuhi ya Jumanne muuzaji akaleta bunduki tatu za kuchagulia. Aliitwa Bradley, Mkenya wa ofisi za West Bay, suti imemkaa, kiatu kinang'aa. Alipomsikia Kerubo akisalimia, akajua ametoka wapi.

"Sasa siz? Kumbe tuko wengi hapa."

"Tupo, kaka. Karibu."

Bunduki ya kwanza ilikuwa na kitako cha mti mwekundu, nzuri kama kinanda cha kanisani. Ya pili ilikuwa nyeusi, ya plastiki, nyepesi. Ya tatu ilikuwa ya mbao rangi ya chai ya rangi, haina pambo wala nakshi, na ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini. Dominiko, Mganda aliyetunza stoo ya bunduki, akaziweka mezani juu ya mifuko ya mchanga, midomo yote ikitazama mbele. Bradley akapiga tano kwa kila moja. Madam Noora naye akapiga tano tano, kwenye karatasi zake.

Kerubo akaenda kuzileta. Ya kwanza ilikuwa imepiga vizuri katikati. Ya pili ilikuwa imetawanya risasi kama mtu anayewarushia kuku mahindi, ila kila mpigaji alikuwa na moja iliyogusa kumi, kile kiduara cha katikati kabisa. Alipofika kwenye karatasi za bunduki ya tatu, akasimama. Katikati palikuwa pazima, hapajaguswa. Lakini chini kushoto, nje kabisa ya duara jeusi, matundu matano ya Bradley yalikuwa yamebanana mahali ambapo sarafu ingeyafunika. Akaishika ya Madam Noora. Chini kushoto. Matano. Akaiweka moja juu ya nyingine, akaona mwanga wa taa unapenya zote mbili.

Watu wawili, mwanamume mrefu na mwanamke mfupi, wasiofanana pumzi wala bega, na bunduki ile ya bei rahisi ilikuwa imewapeleka wote mlango uleule.

Mezani mambo yalikwenda haraka. "Ya kwanza ni nzito, na kwa pesa nilizopewa nitapata nne tu," Madam Noora alisema. "Hii ya tatu haigongi kitu. Andika ya pili. Kumi."

"Chaguo zuri, madam," Bradley akasema, kalamu tayari mkononi.

Kerubo akamfuata Dominiko mlangoni mwa stoo, akamwonyesha karatasi. Dominiko akazitazama, akatazama huku na huku.

"Unaona nilichoona, kaka?"

"Naona. Imetoka kwenye boksi leo, vilengeo vyake havijasogezwa. Ni kazi ya bisibisi, dakika mbili."

"Basi mwambie."

"Mimi? Yule muuzaji atasema mtunza stoo amekuwa mtaalamu. Wewe ndiye mwenye karatasi, dada. Mpelekee."

"Na akinifukuza?"

"Atakuwa amefukuza mtu aliyesema kweli. Nenda, kalamu inaandika."

Kerubo akaenda. Alikuwa na Kiarabu cha jikoni, alichookota nyumba mbili alizofanya kazi kabla ya hapo, na aliongea nacho polepole asije akajikwaa.

"Madam, samahani. Hii ya tatu si mbaya."

Bradley akamgeukia, akasema kwa Kiswahili, "Siz, hizi ni vitu za kitaalam. Wewe shughulika na floo."

"Anasema nini?" Madam Noora akauliza.

"Anasema nifagie, madam. Nitafagia. Lakini tazama." Akaziinua zile karatasi mbili kwenye mwanga. "Huyu ni yeye. Huyu ni wewe. Mahali pamoja."

"Mahali pabaya."

Kerubo akatafuta maneno. "Saa ya mama yangu nyumbani ilikuwa mbele dakika ishirini. Miaka yote. Tuliijua, na hatukuchelewa kanisani hata Sabato moja. Jirani alikuwa na saa nzuri, leo inawahi, kesho inachelewa. Yule ndiye aliyekuja kutuuliza saa." Akagusa karatasi zenye matundu yaliyotawanyika. "Hii nyeusi ni saa ya jirani."

Madam Noora hakucheka. Alimtazama Kerubo kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akavuta kiti kilichokuwa mbele ya bunduki ya tatu.

"Kaa. Piga."

"Sijawahi, madam."

"Ndiyo maana."

Dominiko akamvalisha vifunika masikio, na dunia ikazama. Kerubo akakaa, kitako kikaingia penye kishimo cha bega kana kwamba kishimo kiliumbwa kwa ajili hiyo. Miaka miwili alikuwa amezikuta karatasi zimekwisha kutobolewa. Sasa ile nyeupe ilikuwa mbali, nzima, inamsubiri. Akasikia moyo wake mwenyewe masikioni. Akaona ncha ya mtutu inapanda na kushuka kwa pumzi zake, akashangaa kwamba kuishi tu kunatosha kukosesha shabaha. Akangoja pumzi itue. Akavuta.

Bunduki ikamgusa begani kidogo tu, kama mtoto anayetaka kuonyesha kitu. Akapiga ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akafumba macho, akajua amefumba. Ya tano akapiga vizuri.

Karatasi ikaletwa na Madam Noora mwenyewe. Aliipachika juu ya zile mbili, akaziinua. Matundu manne yalikaa juu ya yale kumi, chini kushoto. La tano lilikuwa limetoroka juu.

"Na hili?"

"Hilo ni mimi, madam, si bunduki. Nilifumba macho."

Bradley alikuwa amefunika kalamu. Dominiko akaja na bisibisi bila kuitwa, akazungusha skrubu mbili, akahesabu milio yake kwa midomo. Madam Noora akakaa, akapiga tano. Taa ya kijani ilipowaka tu, akaifuata karatasi yake. Alirudi na karatasi ameishika kwa mikono miwili, na katikati yake, ndani ya kumi, palikuwa na tundu moja lililochanika kama ua.

"Ya tatu," Madam Noora akasema. "Kumi. Zikija, kila moja utaipiga wewe kwanza, Kerubo, mbele ya Dominiko, na karatasi zake uniletee. Na siku ya wanawake uje bila ufagio."

"Sawa, madam."

"Siz," Bradley akasema akikusanya makaratasi yake, "sijui umeniokoa ama umeniangusha." Lakini alisema kwa upole, na akampa mkono.

Kerubo akaenda chooni, akafunga mlango, akashusha kola ya sare mbele ya kioo atazame bega. Alitegemea wekundu, au hata kivimbe kidogo. Hapakuwa na alama yoyote. Risasi ndogo haimwachii mpigaji kitu. Akapabonyeza kwa kidole, polepole, hapa na hapa, akitafuta mahali penyewe.