Miaka Sita ya Wakala

Kwa mujibu wa kitambulisho changu nina miaka thelathini na minne. Kwa mujibu wa mama aliyenizaa, nina arobaini. Hiyo miaka sita katikati aliikata wakala aliyenitafutia kazi huku ugenini. Mwajiri hakutaka mtu aliyezidi ishirini na saba, nami nilikuwa na thelathini na miwili. Wakala akanitazama usoni kama anayechagua nyanya, akasema, "Uso unaruhusu." Akaandika ishirini na sita. Sikubisha. Nani agombane na mtu anayempunguzia umri?

Leo ni mwaka wa nane. Hata mume wangu, fundi wa lifti, mgeni mwenzangu niliyekutana naye hukuhuku kwenye foleni ya vibali, alinioa kwa umri wa wakala. Kwa mdomo sikumdanganya. Aliona kitambulisho, akaiamini serikali.

Tulipooana, miaka mitano iliyopita, tulikubaliana kwamba hatuzai mpaka tupate kibali cha kudumu. Mgeni asiye na kibali amekalia nusu tako. Mtoto atampakata wapi? Kibali kikachukua miaka minne. Kila mume wangu alipogusia habari ya mtoto nilimwambia, "Tulia, tuna muda." Wala sikuwa nazuga. Mama yangu alimzaa kitinda mimba akiwa na arobaini na minne, na jioni ileile akauliza nani ameacha sufuria bila kuoshwa. Nikajua kwetu mayai hayana haraka.

Kibali kikatoka, tukaanza kutafuta mtoto. Mwezi wa kwanza, hola. Wa tano, hola. Kufikia wa kumi nilikuwa naingia bafuni, nafungulia maji, nalia, nafunga maji, natoka kwenda kazini.

Kazi yangu ni katika chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa, kwenye mabomba. Mashuka hutoka kwenye mashine ya pasi yakiwa ya moto, na shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mwenzangu wa shuka ni Mama Pacha. Yeye ni mwenyeji, kazaliwa mtaa wa nyuma ya hospitali hiyohiyo, na pacha wake wana miaka sita. Tunashika ncha nne, tunarudi nyuma, tunavuta, tunakutana katikati, ananikabidhi ncha zake. Pale tunapokutana ndipo tunapopiga soga, sentensi moja kwa kila shuka. Umbea wa maana unaweza kumaliza wodi mbili.

Siku moja akashuka nesi wa kliniki ya uzazi, ghorofa ya tatu, amebeba fomu. Alikuwa anafanya utafiti: wanawake wahamiaji wanajua nini kuhusu kushika mimba, ukiwalinganisha na wenyeji. Fomu za njano za wahamiaji, za buluu za wenyeji, maswali kumi yaleyale.

"Si mtihani," akasema.

Mtu akikuambia si mtihani, anza kutafuta wa kuibia. Mama Pacha aliweka fomu yake juu ya rundo la foronya, nami nikaweka yangu kando yake. Swali la kwanza: mwanamke anaweza kushika mimba siku zipi za mwezi? Nikachungulia karatasi ya Mama Pacha. Yeye alikuwa anachungulia yangu.

"Wewe ndiye mwenyeji, si ujue," nikamnong'oneza.

"Kwani mayai yana uraia?"

Tukaandika siku zote isipokuwa za hedhi. Swali la sita: uwezo wa mwanamke kupata mimba huanza kushuka kwenye umri gani? Nikaandika hamsini. Mama Pacha akaikodolea macho hamsini yangu, akashusha pumzi, akaandika hamsini. Swali la tisa: wawili wakitafuta mtoto wasipate, wakae muda gani kabla ya kumwona daktari? Nikaandika, "Mungu akipenda." Akanakili na hiyo.

Baada ya wiki mbili nesi akarudi. Hakuwa mtu wa kucheka.

"Hospitali nzima," akasema, "wenyeji wamewazidi wahamiaji. Si kwa mbali. Hamjui nyote, ila wao hawajui kwa nafuu kidogo. Isipokuwa chumba hiki. Hapa mwenyeji na mhamiaji wamekosa maswali yaleyale kwa maneno yaleyale. Hata 'Mungu akipenda' mmeiandika wote wawili."

Mama Pacha akaanza kuchunguza doa kwenye shuka ambalo halikuwa na doa.

"Nimewatoa kwenye utafiti," akaendelea nesi. "Lakini majibu ni haki yenu."

Akayasoma pale pale, mashine zikiunguruma. Siku za kushika mimba ni chache, kama sita hivi, zinazoishia siku yai linapotoka. Uwezo huanza kushuka taratibu mtu akivuka thelathini na kidogo, na kufikia thelathini na saba unashuka kwa kasi. Swali la tisa: aliye chini ya thelathini na mitano angoje mwaka mmoja. Aliyefika thelathini na mitano, miezi sita. Aliyefika arobaini asingoje kitu, aje.

"Na wale wanaozaa na arobaini na minne?" nikauliza kwa ukali, maana niliona kama anamsema mama yangu.

"Wapo. Wanasimuliwa sana. Waliokosa hawasimuliwi."

Akaondoka na fomu zake. Shuka likanianguka, ikabidi lirudi kufuliwa.

Tulipochukua shuka jingine Mama Pacha akasema, "Wale pacha niliwapata na arobaini na mmoja." Tukarudi nyuma, tukavuta, tukakutana. "Miaka mitatu ya sindano. Ghorofa hiyohiyo ya tatu."

"Ala! Kwa hiyo majibu uliyajua?"

"Ningeandika sahihi ungeniuliza nimejuaje."

"Miaka sita tunakunja shuka wote, hujaniambia!"

"Nikuambie niitwe Mama Sindano?" Akanikabidhi ncha zake lakini hakuziachia. "Na wewe una thelathini na minne, presha ya nini?"

Nikazivuta zile ncha kana kwamba sikusikia. Akanitazama usoni, akateremka shingoni, akarudi usoni, ukaguzi uleule wa wakala, ila huyu alijua kusoma.

"Mficha uchi hazai, ndugu yangu," akasema, akaniachia shuka.

Wiki hiyohiyo nikampandisha mume wangu ghorofa ya tatu. Alikuja na ovaroli lake na shada la funguo kiunoni, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama aliyeitwa kutengeneza kitu. Nesi akafungua faili.

"Thelathini na minne. Mnatafuta kwa miezi kumi na moja. Bado mmoja. Mwaka ukitimia nitawaandikisha, na foleni ni miezi minane."

"Asante, nesi," mume wangu akasema, akainuka. Fundi wa lifti haogopi kungoja. Maisha yake yote watu wanamngoja yeye.

Miezi tisa. Nikijifanya wa thelathini na minne, ilikuwa miezi tisa tu. Kwa wa arobaini, huenda ndiyo pekee iliyobaki. Lakini nikifungua mdomo, kibali changu kimeandikwa umri wa uongo, na mume wangu kaoa umri wa uongo. Naweza kutoka humo ndani sina kibali wala mume. Nilimpenda mume wangu, na kibali nilikipenda pia, sitaki unafiki. Ila mtoto nilimtaka mpaka meno yakaniuma.

"Kaa," nikamwambia. Akakaa. "Nesi, hiyo thelathini na minne si yangu."

"Ya nani?"

"Ya wakala. Mimi nina arobaini."

Nesi akaweka kalamu chini. Mume wangu sikuweza kumtazama, nikatazama funguo zake. Hazikutikisika.

"Najua," akasema mume wangu.

"Unajua nini?"

"Siku ya harusi mdogo wako alipiga simu, akaniambia nikutunze, ulimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Leo ana thelathini na mitano. Sasa mtu wa thelathini na minne alimbebaje wa thelathini na mitano? Nikamuuliza tarehe yako ya kuzaliwa, akanitajia."

Nikawaka moto. "Miaka mitano unajua, umekaa kimya?"

"Wewe hukukaa kimya?"

"Mimi nilikuwa na sababu!"

"Nilidhani ni kidonda, sikutaka kukitonesha. Na kila nikikugusia habari ya mtoto unaniambia tuna muda. Nikasema mwenye mwili ndiye aujuaye. Mimi najua lifti."

Toba! Nilitaka nimrukie, nikakuta sina pa kumshika. Nilimficha mtu aliyejua, naye akaniheshimu kwa elimu ambayo sikuwa nayo. Ningesema neno moja, au angesema yeye, tungekuwa kwenye kiti hicho nikiwa na thelathini na mitano. Heshima yetu hiyo imetula miaka mitano. Nikalia, safari hii bila kufungulia maji, na uchungu ule sijaupata hata msibani. Mume wangu akaniambia samahani, nikamwambia nyamaza, halafu nikamwambia nami samahani.

Nesi akanisogezea karatasi za kufutia machozi. Akangoja. Alipoona nimepata pumzi akavuta fomu nyeupe.

"Mimi si uhamiaji," akasema. "Kitambulisho chako sikigusi, na ya humu hayatoki. Ila daktari hatibu kitambulisho, na mtu wa arobaini sitamweka miezi minane. Njooni Jumanne, saa mbili asubuhi."

"Nitapata?"

"Sijui. Asikuahidi mtu."

Nilishukuru kwa hilo. Nilikuwa nimechoka na watu wanaonipimia kwa uso.

"Tuanze upya," akasema nesi. "Umri?"

"Arobaini." Hadi siku hiyo nilikuwa na miaka minane sijautamka umri wangu wa kweli nje ya kichwa changu, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine.

"Na miezi mitatu," akasema mume wangu.

Nesi akaiandika yote.