Wifi Yangu Ndiye Huyu

Binti alimpa mama yake maelekezo kama anayempeleka mtoto bweni: pasipoti ibaki na zaidi ya miezi sita, fomu ya kuingia ijazwe mapema, tikiti ya kurudi na anwani ya hoteli vichapishwe. "Simu ikigoma mama, karatasi haigomi." Mama, fundi wa kushona aliyekaa kwenye cherehani miaka thelathini, hakutaka mchezo. Alishona mfuko wa siri ndani ya gauni lake, akatia karatasi zote, akaufunga kwa mshono mara tatu.

Ndivyo alivyotua kwenye kisiwa cha ng'ambo, kwa mapumziko, na wifi yake, mpishi wa shule, mtu wa kucheka hata msibani.

Afisa wa uhamiaji akapokea pasipoti, akauliza jambo. Hawakuambulia hata neno. Akachora hewani ndege inayokwenda na kurudi.

"Tikiti ya kurudi!" wifi akadakia, akatoa simu. Laini ya nyumbani ilikuwa imekata, kiduara kinazunguka tu kwenye kioo. "Haya, toa za karatasi."

Fundi akapapasa ubavuni, jasho likamtoka. "Nimezishonea ndani."

"Si ufumue!"

"Mkasi uko kwenye begi, na begi bado hatujalichukua."

Wifi akacheka mpaka akashikilia kaunta. Huku foleni ikinyoosha shingo, fundi akajigonga ubavuni, akachezesha vidole viwili kama mkasi. Afisa akakunja uso, kisha akaelewa, akaangua kicheko. Akamwita mwenzake wa kike, aliyewapeleka chumba cha pembeni na kuleta mkasi wa sanduku la huduma ya kwanza. Afisa huyo wa kike alipouona mshono, kazi ikamtoka kichwani. Akaupitisha kidole, akauliza kwa macho. Fundi akamwonyesha jinsi uzi unavyorudishwa nyuma. Waliporudi dirishani, muhuri uligongwa bila swali: siku thelathini.

Hotelini, mhudumu akaonyesha ukutani kwa furaha. "Wifi! Wifi!"

Fundi akamsukuma mwenzake mbele. "Ndiye huyu. Umemjuaje?"

Mhudumu akarudia, akigonga simu yake na karatasi ya ukutani yenye nenosiri la intaneti. Wifi akaelewa kwanza, akakaa sakafuni kwa kicheko. Dakika mbili baadaye uso wa binti ulitokea kwenye simu.

"Hawakuwasumbua?"

"Watusumbue sisi? Mama yako amefungua darasa uwanja wa ndege!"

Asubuhi mhudumu akawafundisha salamu ya pale. Wakaikariri njia nzima hadi kwa mzee muuza mikate wa kona, fundi akaitamka kwa sauti. Mzee akafurahi, akajibu kwa hotuba ndefu, mikono juu, mikono chini. Alipomaliza, wanawake wakatazamana, wakarudia salamu ileile kwa pamoja. Mzee akacheka hadi kofia ikamdondoka, akawaongezea mkate mmoja wa moto, nao wakaula wakitembea kuelekea baharini, viatu mkononi.