Samaki wa Wiki ya Kimya

Siku kaka yangu Laryea alipofariki, nyumba ilichelewa kutambua. Ilikuwa wiki ya kimya, na katika wiki hiyo tulikuwa tumezoea kutomsikia. Alhamisi asubuhi mlango wake ulikuwa umefungwa na chai yake ilikuwa inapoa mezani. Nilipita pale mara kadhaa nikidhani anasoma makaratasi ya kikao. Nilipoingia, nilimkuta amelala ubavu, miwani yake ameikunja vizuri juu ya kiti. Daktari alisema ni moyo.

Laryea alikuwa mjumbe wa ile kamati ya Benki Kuu inayopanga riba. Wiki moja kabla ya kikao, wajumbe hawaruhusiwi kuzungumzia riba wala bei na mtu wa nje. Wenzake walinyamaza mbele ya waandishi wa habari, basi. Yeye alinyamaza hata mbele yetu, katika nyumba ya familia pale mtaa wa Osu. Ukimuuliza neno lolote lenye harufu ya pesa, alijibu kuhusu samaki aliye kwenye sahani yake.

"Ataa, sabuni imepanda tena," watoto wa nyumbani walimchokoza; Ataa ndivyo tunavyomwita mzee.

"Samaki huyu ana miiba."

"Ataa, eti mwaka huu mtatumaliza?"

"Ana miiba mingi sana."

Tulicheka mpaka pilipili ikatupalia.

Wiki nyingine alikuwa msemaji. Jumamosi alikwenda mwenyewe kwa Mama Korkor kununua kenke, yale madonge ya unga wa mahindi uliochacha, akalibonyeza kila donge kwenye maganda yake ya mahindi kama daktari anayepapasa tumbo.

"Umekuja kupima au kula?" Mama Korkor alimuuliza.

"Donge limepungua, mama."

"Bei ni ileile! Mimi sijapandisha hata senti."

"Umepandisha. Ila umeficha ndani ya maganda."

"Nenda huko! Mahindi yanapanda nyinyi mmekaa kwenye kiyoyozi, halafu mwizi ni mimi?" Kisha alimwongezea samaki wa bure, maana alimpenda.

Mwaka ule madonge yalizidi kuwa madogo. Mimi nilikuwa na kibanda cha mikate nyuma ya nyumba, na msichana mmoja wa kazi, Dzifa, aliyetoka Keta na kukanda unga haraka kuliko mtu yeyote niliyemwona. Nilitaka kujenga tanuri la pili. Mkopo niliopewa ulikuwa wa riba inayopanda na kushuka kadiri Benki Kuu inavyoamua, kwa hiyo nilitaka kujua jambo moja tu. Nilimuuliza kaka usiku wa kuamkia siku ya kutia saini, na ilikuwa wiki ya kimya.

"Kaka, nichukue sasa au nisubiri?"

Alitafuna, akameza. "Samaki huyu umemkaanga vizuri sana."

Hakuwahi kusifu samaki wangu. Miaka yote ilikuwa miiba na chumvi. Nilijiambia kwamba amenipa ishara kwa njia yake, na kesho yake nikatia saini.

Jumatatu redio ikatangaza kwamba riba imepanda, tena kwa hatua kubwa. Alipofika nyumbani nilikuwa nikimngojea getini.

"Uliniambia samaki ni mzuri!"

"Samaki alikuwa mzuri, Adoley."

"Mimi ni dada yako!"

"Ndiyo sababu. Nikikuambia wewe, nimemnyang'anya yule asiye na kaka benki."

Tanuri la pili lilijengwa hata hivyo. Miezi iliyofuata malipo ya mkopo yalipanda, watu wakapunguza kununua mikate, na ikabidi nimwambie Dzifa asije tena. Laryea alikuja kibandani siku ya mwisho ya Dzifa, akasimama mbele ya tanuri jipya ambalo hatukuwa tumeliwasha hata mara kumi.

"Tanuri likizidi moto, mnafanyaje?" aliuliza.

"Tunatoa kuni," nilimjibu kwa kununa.

"Mkitoa chache mno?"

"Mikate inaungua."

"Na nyingi mno?"

"Haiivi."

"Basi kazi yetu ni hiyo. Bei zikiachwa zikimbie, mshahara wa Dzifa hautanunua hata mkate anaouoka. Tukibana sana, watu wanakosa kazi. Na moto wenyewe hatuuoni, tunausikia kwa joto la jana."

Dzifa alikuwa anakunja aproni yake. "Kwa hiyo, Ataa, ukuni uliotolewa ni mimi?"

Haikuwa wiki ya kimya, lakini kaka aliinama, akaanza kupanga kuni zilizobaki.

Tangu hapo, kila Jumamosi alinunua kenke la ziada, akampelekea Dzifa kando ya barabara alikokuwa akiuza maji ya vifuko. Alinunua maji ambayo hakuyahitaji. Friji yetu ilijaa.

"Umepata kazi?"

"Bado, Ataa. Na nyinyi, mmemaliza kutoa kuni?"

"Bado kidogo."

Polepole madonge ya Mama Korkor yaliacha kupungua. Kaka aliyabonyeza, akaridhika, ila alimficha mama huyo, asije akamvimbisha kichwa.

Jumatano ile ya mwisho, katika wiki ya kimya, nilimpakulia chakula, nikamuuliza kwa utani kama riba itashuka, "Nimwite Dzifa arudi?"

"Samaki ana chumvi," alisema.

Nilicheka. Safari hii sikutafuta maana. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na nashukuru kwamba yalikuwa ya samaki.

Jumatatu, tukiwa tumekaa matangani, redio ya jirani ilitangaza kwamba riba imeshuka. Jioni alikuja mwenzake wa kamati, mama mmoja aitwaye Esinam, amevaa nguo nyeusi na nyekundu za msiba. Nilimuuliza mama huyo kura gani kaka angepiga.

"Hakuniambia, dada," alisema. "Ilikuwa wiki ya kimya."

Jumamosi nilikwenda mwenyewe kwa Mama Korkor. Alinifungia kenke la ziada bila kuombwa, nami nikampelekea Dzifa barabarani.

Malipo ya mkopo yameshuka kuanzia mwezi huu. Nimefagia tanuri la pili. Dzifa anaanza kazi Jumatatu.