Kadhi wa Nusu Msimu

Kosa lilianzia kwenye salamu.

Harith, rafiki wa mume wangu, alipiga simu Alhamisi adhuhuri. Mie nilikuwa nakata vitunguu, mikono yote imelowa, nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari na kuiwekea spika mbele ya mume wangu.

"Assalamu alaykum, Muhiddin!"

"Waalaykumu ssalam."

"Hujambo, ndugu yangu?"

"Sijambo, alhamdulillah."

"Mama Zahra hajambo? Na mwana?"

"Hawajambo, alhamdulillah."

"Basi tukija Jumamosi itakuwaje?"

"Karibuni, karibuni. Inshaallah."

Kila neno lilikaa mahali pake, na sauti ilikuwa ileile yake nene. Ungemsikia usingedhani kwamba mtu huyu, tangu kiharusi kilipompiga mwezi wa Juni, alikuwa hawezi hata kuniomba maji kwa maneno.

Bridget, mtaalamu wa usemi anayekuja kumfundisha, alikwisha kunieleza. Maneno ambayo mtu ameyasema umri wake wote bila ya kufikiri, kama salamu, dua na Alhamdu, huwa yana makao yake kichwani, na maradhi yanaweza kuyapita yasiyaguse. Neno linalopotea ni lile la kulitafuta, la kusema nataka hiki na kile sikitaki. Mgonjwa analijua, pengine analiona kabisa, lakini halifiki mdomoni. Nilipomsikiliza Bridget nilifikiri jinsi Waingereza walivyo na bahati. Wao wakishaulizana hali mara moja wanaingia kwenye jambo, na mgonjwa angejulikana palepale. Salamu zetu sisi zinamtosha mtu mazungumzo mazima.

Kabla sijafuta mikono nimwambie Harith ukweli, alikuwa ameshakata simu. Alasiri haijaingia, kundi lao la WhatsApp limewaka moto: *Kadhi kapona! Mashaallah! Jumamosi nusu msimu, kama ada!*

Kadhi ndiye mume wangu. Alikuwa dereva wa basi, na basi lake lilikuwa likikwama Tottenham High Road kila Wamarekani wanapokuja kucheza ule mpira wao wa umbo la yai katika uwanja wa hapa kwetu. Abiria wenye majezi walikuwa wakimweleza mchezo huku foleni haisogei. Akaupenda. Akawaambukiza rafiki zake, na kila mwaka msimu ukifika nusu hukusanyika kwetu kuzipanga timu bora kumi. Kila mtu hutoa hoja zake kwa makelele, wanatukanana kwa mapenzi, kisha wanamgeukia Muhiddin. Yeye ndiye anayesema nani wa kwanza, nani wa pili, na kwa sababu gani. Akishasema, mjadala umefungwa mpaka mtoano wa Januari.

"Niwapigie niwaambie wasije?" nilimuuliza.

Akatikisa kichwa, kwa nguvu.

"Unataka waje?"

"Alhamdulillah," alisema, halafu akafumba macho kwa uchungu kwa kuwa si hilo alilolikusudia. Akaitikia kwa kichwa.

Nilikaa kitako palepale jikoni. Miezi yote ile, mlango ukigongwa alikuwa akiingia chumbani na kujifungia. Msikitini alikuwa haendi kwa kuogopa wa kumsemesha baada ya swala. Hii ilikuwa mara ya kwanza kutaka watu. Nikafurahi, na papo hapo nikaingiwa na hofu. Mambo yakienda vizuri, mume wangu atakuwa amerudi kwa watu. Yakienda vibaya, niliona wazi kwamba mlango ule hautafunguliwa tena.

Ijumaa tukafanya mazoezi. Bridget alinishauri nichapishe nembo za timu kwenye vikadi, tukavitandaza juu ya meza. Mie mpira ule sijui unaanzia wapi, ila nilikuwa nimeshajifunza: farasi huyu ni Denver, nyati huyu ni Buffalo, simba huyu ni Detroit. Muhiddin alivipanga kwa mkono wa kushoto. Kila tulipoanza upya alimweka nyati juu. "Sema Buffalo," nilimwambia. Akajaribu, jasho likamtoka, ikatoka "baba". Zahra, binti yetu wa miaka minne, akacheka kwa kudhani anafanyiwa mchezo, naye Muhiddin akacheka. Nilimwomba Mungu kesho iwe na kicheko hicho.

Jumamosi walikuja baada ya adhuhuri, watatu: Harith, Suhaib, na Solomon, Mkenya aliyekuwa gereji moja ya mabasi na Muhiddin. Solomon alifika mlangoni anahema.

"Mama Zahra, hii lifti yenu imekufa tena? Nimepanda ngazi mpaka magoti yanalia."

"Mkenya gani wewe usiyeweza kukimbia?" akasema Suhaib.

"Mimi ni wa Voi, bwana. Wanaokimbia ni wengine huko."

Wakaingia kwa Muhiddin kwenye sebule, wakamkumbatia, na salamu zikaanza. Alhamdulillah, alhamdulillah, namshukuru Mungu, karibuni. Harith alinigeukia machozi ya furaha yamemlenga. "Unaona, shemegi! Mie niliwaambia!"

Nilitaka kusema pale. Nilifungua mdomo. Lakini Muhiddin alinitazama, na macho yake yakanikataza. Nikaenda kuleta kahawa na katlesi.

Niliporudi walikuwa wamekwisha kuchanganya. Suhaib alikuwa anamshika Harith mashati, kwa maneno. "Huyu Mpemba timu yake Cleveland! Timu haijafika fainali kubwa tangu dunia kuumbwa, na yeye kila mwaka anaitetea!"

"Subira ni ya waumini," akajibu Harith. "Wewe huna dini ya mpira, ndiyo maana kila msimu una jezi mpya."

"Mimi nasema Philadelphia," akasema Solomon. "Bingwa ni bingwa mpaka apigwe."

"Indianapolis! Mwaka huu nani anawazuia wale?" akadakia Suhaib.

Muhiddin alikuwa akiwafuata kwa macho, huku na huku, anacheka panapochekesha, anakunja uso panapokera. Nilimwona mume wangu wa zamani, na kwa muda nikasahau. Kisha makelele yakatulia kama yanavyotulia kila mwaka, na wote watatu wakageuka.

"Haya, Kadhi," akasema Harith. "Wa kwanza nani?"

Muhiddin akajiweka sawa kwenye kiti. Akafungua mdomo.

"Ba," alisema. "Baba... inshaallah. Ba..."

Akajaribu tena na shingo ikamtoka mishipa. Nilimwona Harith uso unambadilika. Alifahamu, nadhani, palepale. Alizikumbuka zile salamu za kwenye simu.

Na sisi, watu wetu, hatujui kumtazama mgonjwa akihangaika. Mtu akitafuta neno tunampa, kama vile tunavyomshika mkono anayeteremka ngazi. Kumwacha hivihivi ni kukosa adabu, ni ukatili. Basi wakamrukia wote kwa huruma.

"Baltimore?" akasema Suhaib. "Kadhi anasema Baltimore!"

"Si Baltimore, mwaka huu wamechechemea. Ni Philadelphia, sivyo, boss?" akasema Solomon.

"Mwacheni, kachoka," akasema Harith, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Haina haja, Muhiddin. Haina haja, ndugu yangu."

"Kweli," akasema Suhaib. "Mwaka huu apumzike. Mie n'takaimu, yeye aitikie tu. Mwakani Mungu akipenda atarudi."

Alikuwa na nia njema, sikatai. Lakini nilimwona Muhiddin anazama ndani ya kile kiti, na mie nikashindwa. Bridget alinionya mara nyingi: usimmalizie. Hata ukijua, usimmalizie. Nikakimbilia vile vikadi, nikavitandaza mbele yake, na asipovigusa nikasema mwenyewe, tena kwa sauti ya ushindi:

"Buffalo! Anasema Buffalo. Jana amewaweka juu kila mara."

"Aaa, Buffalo!" Wote wakashusha pumzi. "Hukumu imetoka! Buffalo, sawa kabisa, Kadhi!" Solomon akapiga makofi. Suhaib akakubali Buffalo, yeye ambaye mwaka jana alitaka kupigana kwa kuikataa timu hiyohiyo. Hakuna aliyebisha. Hakuna hata aliyeuliza sababu.

Muhiddin alivifagia vikadi kwa mkono wake wa kushoto vikaanguka chini vyote. Akasimama kwa kuyumba, akakataa mkono wa Harith, akapita mlangoni akiburuta mguu. Nilidhani anakwenda chumbani, nikasema moyoni basi, ndiyo imekwisha. Lakini alikipita chumba akaingia jikoni.

Nilimkuta ameegemea sinki, ananipa mgongo.

"Baba Zahra."

Alifungua bomba la maji, akalifunga.

"Haikuwa Buffalo?"

Akatikisa kichwa.

"Jana ilikuwa Buffalo."

Akageuka. Aliinua kidole akakipeleka kwenye kichwa chake, akakizungusha, kama mtu anayefungua kizibo. Nikaelewa. Alikuwa amefikiri tena. Usiku kucha pengine alikuwa amelala pembeni yangu, kimya, anazipima timu zake, na asubuhi akawa na rai nyingine; ile "ba" ilikuwa mazoezi ya jana yaliyomganda ulimini. Mie nilikuwa nimechukua rai ya jana nikaisema kana kwamba ndani ya kichwa chake hakutembei kitu tena. Machozi yalinitoka.

"Nisamehe. Nilikusemea, na nilikusemea uongo. Unataka niwaambie waende?"

Alifikiri. Nje dirishani mbingu ya Novemba ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi na saa kumi haijatimia. Kisha akanishika kiwiko, akanisukuma taratibu kuelekea sebuleni, mie mbele, yeye nyuma.

Wanaume walikuwa wanaokota vikadi. Suhaib alikuwa ameshavaa koti.

"Kadhi hajahukumu," niliwaambia. Si mazoea yangu kuwaamrisha wageni nyumbani kwangu. "Ile Buffalo ilikuwa yangu mie, na mie mpira siujui. Anayo yake. Anahitaji muda, na anahitaji asisaidiwe. Mtu yeyote asimtajie jina. Hata kama mnaona anaumia."

"Muda gani, shemegi?" akauliza Harith.

"Sijui."

Wakakaa. Muhiddin akakaa. Na tukangoja.

Sijawahi kuona kimya kizito kama kile katika nyumba ya Kiswahili. Solomon alitazama viatu vyake. Suhaib alifungua mdomo mara mbili, mara ya pili Harith akamkanyaga mguu. Simu ya mtu ikalia, ikazimwa. Muhiddin alisema "ba", akajikataza kwa mkono. Alisema "alhamdulillah", akapiga paja lake kwa hasira. Alisema kitu kisichokuwa neno la lugha yoyote. Mate yalimtoka pembeni ya mdomo, na mie niliikalia mikono yangu nisiende kumfuta.

Kisha akafumba macho, kama mtu anayeshuka mahali penye giza na kupapasa.

"Den," alisema. "Den... va."

Akafumbua macho. Akatutazama kama vile aliyesema ni mtu mwingine.

"Denver," alisema tena.

Mie nilijua kuwa sheria yao inataka na sababu, lakini nani angemdai mtu sababu baada ya safari ile? Yeye mwenyewe alijidai. Alinyanyua mkono wake mzima, akaukunja ngumi, akauweka kifuani.

"U... linzi."

Solomon alifunika uso kwa viganja. Suhaib akasema, "Allahu akbar," kwa sauti ya chini, na akaendelea kuitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, Denver, ndiyo, vile wanavyoitikia watu kwenye kitanda cha mgonjwa. Furaha yangu ilianza kuingia baridi. Neno lilikuwa limetoka, lakini walikuwa wanalipokea kama watu wanaopokea dua.

Harith ndiye aliyeinuka.

"Denver?" alisema. "Denver, Muhiddin? Ulinzi sawa, sibishi, wana ulinzi. Lakini wanafunga nini? Uliwaona walipokuja hapa Tottenham? Walishinda kwa kushika roho mkononi! Hao ndio wa kwanza? Wallahi kiharusi kimekupiga pabaya!"

Suhaib aligutuka. "Harith! Mwogope Mungu!"

Nami nilishtuka. Kisha nikamsikia Muhiddin. Alikuwa anacheka, upande mmoja wa uso tu, lakini anacheka mpaka mabega yanatikisika, na amemnyooshea Harith kidole cha shari kama zamani, kile cha kumwambia ngoja, ngoja nikuonyeshe.

"Sheria inasema mjadala umefungwa," akasema Solomon, anajifuta macho.

"Sheria itanisamehe. Denver!" akasema Harith.

Wakabishana, wao wanatumia maneno na yeye kidole, nyusi na lile neno lake moja la ulinzi, ambalo mara likaja na mara likakataa kuja. Maghrib iliingia, wenye kuswali wakaswali, na nje giza lilipokuwa limetanda kabisa wageni wakavaa makoti. Harith alisema mwaka huu itabidi tutosheke na namba moja tu, kumi za nini, namba moja imetosha. Alisema hivyo kwa upole, nami nilikubali, kwa sababu nilimwona Muhiddin amechoka, ngozi chini ya macho yake imekuwa ya majivu.

"La," akasema Muhiddin.

Tukageuka. Hakuwa ameinuka kwenye kiti. Alikuwa ameinua vidole viwili.

Harith alimtazama, akanitazama mie, akavua koti lake akaliweka mapajani na kukaa. Wengine nao wakakaa. Muhiddin akafungua mdomo, na neno halikuja. Nilidhani ninalijua. Kwa namna alivyobana midomo nilikuwa karibu na yakini kwamba ninalijua, nalo likanijaa kinywani likataka kutoka. Nikamchukua Zahra, aliyekuwa akicheza miguuni pangu, nikampakata, nikambana kifuani, na nikanyamaza.